Mafinga: Muulize Mwenzi Wako, SAR au SMG?

Kuna maswali ambayo wapenzi wa mjini huulizana wiki ya kwanza tu: nyota yako ipi, unapenda muziki gani, ex wako yuko wapi siku hizi. Lipo moja ambalo wengi hawalifikirii kabisa, na kama mwenzi wako amepita Jeshi la Kujenga Taifa, linafungua mdomo wake kuliko chupa mbili za mvinyo. Muulize hivi: kambini ulipenda SAR au SMG? Halafu kaa mkao wa kusikiliza, maana hapo hutoki leo!

Ukitaka jibu lenye ladha zaidi, mpeleke Mafinga ukamuulizie huko.

Wengi wetu Mafinga tunaijua kwa dirisha la basi. Ni makao makuu ya wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia, karibu kilomita 80 ukishaipita Iringa mjini. Basi linasimama, unashuka kujinyoosha, unanunua chipsi na mahindi ya kuchoma, unashangaa mbona jua linawaka lakini unatetemeka, unapanda tena. Basi. Kumbe ulipaswa kushusha begi.

Safari yenyewe kutoka Dar ni ya siku nzima, na kama mnasafiri kwa gari yenu wenyewe ni raha tupu. Mtapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, ambako twiga hana habari na haraka yenu. Mtasimama Ruaha Mbuyuni kwa vitunguu hata kama nyumbani vipo. Mtapanda Kitonga nyuma ya lori linalokwenda kwa mwendo wa konokono, na hapo ndipo mtajua kama dereva wenu ana subira au ana mdomo tu. Ilula kuna nyanya kila upande wa barabara. Baada ya hapo, kabla ya Iringa, ni Lugalo.

Lugalo tusiipite kimya. Tarehe 17 Agosti 1891 mahali hapo askari wa Mtwa Mkwawa walikivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski na kukisambaratisha, Zelewski mwenyewe akafia hapo. Wahehe walishambulia zaidi kwa mikuki, wakaondoka na bunduki zipatazo 300. Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, Wajerumani walirudi na kuiteka ngome ya Kalenga. Zile bunduki hazikuiokoa. Kwa hiyo mazungumzo ya bunduki, nani anazo na nani anajua kuzitumia, kwenye mkoa huu ni ya siku nyingi. Hayakuanza na JKT.

Lakini Mafinga ya leo ukiwauliza Watanzania wa rika mbalimbali, wengi watakutajia vitu viwili: mbao na jeshi. Mbao kwa sababu ya msitu wa Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa la serikali, misonobari na mikaratusi mpaka jicho linachoka. Jeshi kwa sababu ya kikosi cha 841 KJ, kambi ya JKT Mafinga. Harufu ya mji ni ya mbao mbichi na moshi wa asubuhi, na ukiamka mapema kipindi vijana wako mafunzoni unaweza kusikia chenja za mchakamchaka zikija na upepo kabla hujapata chai.

Kidogo historia, tusije tukapotezana. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Ilipotangazwa kuwa wasomi nao lazima wapite, miezi mitano au sita kambini na kisha kazini kwa mwaka mmoja na nusu huku wakichukua asilimia 40 tu ya mshahara, wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana Oktoba 1966. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao wanafunzi 393, na siku hiyohiyo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mpango wa mujibu wa sheria uliendelea mpaka 1994 ukasimamishwa, ukarudi 2013 kwa waliomaliza kidato cha sita. Piga hesabu uone: kuna kizazi kizima katikati, wanaokaribia au kupita miaka arobaini sasa, ambao hawajawahi kushika bunduki ya jeshi. Baba zao waliishika. Wadogo zao waliishika. Wao wanaijua ya kwenye sinema.

Na hapo ndipo safari yetu ilipopata utamu.

Nilisafiri na shoga yangu na mumewe, ambaye kwangu ni shemeji. Shoga yangu alipita Mafinga mara tu mujibu wa sheria uliporudi. Leo ni mtu wa benki, kucha safi, sauti ya chini, ukimwona huwezi kudhani. Shemeji ni wa kile kizazi cha katikati. Hajakanyaga kambi, lakini uliza bunduki yoyote: ya Kirusi, ya Kimarekani, ya Kijerumani, anakutajia jina, risasi na mwaka. Elimu yote hiyo kaipata kwenye gemu za kompyuta na filamu za usiku. Na alikuwa na sababu ya kulizungumzia jambo hilo njia nzima: wiki chache kabla, wezi walikata nondo za dirisha lao Dar es Salaam, wakaingia sebuleni wao wakiwa chumbani. Hawakuumizwa. Televisheni ilikwenda, na usingizi wa shemeji nao ukaenda. Tangu siku hiyo wimbo wake ni mmoja: tununue bunduki.

Shoga yangu hataki kusikia. Na wao wawili walikuwa hawajaweza kulimaliza hilo bila mmoja kuondoka mezani.

Jioni ya kwanza tulikaa kwenye baa moja ya nyama choma, jiko la mkaa katikati yetu kama mgeni rasmi. Nikauliza lile swali. Shemeji akawahi kujibu, kama kawaida ya wanaume na maswali wasiyoulizwa: "SMG bwana, hakuna cha kujadili! Risasi thelathini, unamimina tu."

Shoga yangu akacheka. Kisha akasema: "Mimi SAR."

Kwa ambao majina haya mmeyasikia kwenye habari za ujambazi tu, ngoja niwaeleze. SAR ni jina letu la bunduki ambayo dunia inaiita SKS, kazi ya Mrusi Sergei Simonov. Wachina walianza kutengeneza ya kwao mwaka 1956. Ni ndefu, mita moja na kidogo, kitako cha mbao, chini ya mtutu kuna singe inayokunjwa. Inajaza risasi kumi, na kila ukivuta triga inatoka moja. Yenyewe inajikoki tena, lakini haitoi ya pili mpaka uvute tena. SMG ni jina letu la ile ya Mikhail Kalashnikov, AK-47 na ndugu zake wa Kichina. Ni fupi zaidi, magazini yake imepinda kama ndizi na inabeba risasi thelathini, na ina kijiti cha pembeni cha kuchagua: moja moja, au mfululizo. Risasi ni ileile kwa zote mbili, milimita 7.62 kwa 39. Zilienea kwetu baada ya maasi ya Januari 1964, pale jeshi la kikoloni lilipovunjwa na JWTZ kuzaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, na Wachina wakawa marafiki wa karibu wa mafunzo na silaha.

Sasa kama risasi ni ileile, kwa nini watu wagombane? Hapo ndipo nilipogundua kwamba mapenzi ya bunduki ni kama mapenzi ya viatu. Kila mtu anasema kuhusu kiatu, kumbe anasema kuhusu mguu wake.

Shoga yangu alieleza hivi. Kwanza, ardhi ya Mafinga mwezi wa sita ni baridi, na siku ya shabaha unalala kifudifudi juu yake. SMG ina lile magazini refu linalochomoza chini, kwa hiyo ukilala linakuinua, kifua kinabaki juu, viwiko vinatafuta mahali pa kukaa. SAR tumbo lake limeishia palepale, unalala chini kabisa kama mjusi. Pili, ni ndefu. Umbali kati ya jicho la nyuma na ncha ya mbele ni mkubwa kuliko wa SMG kwa sentimita kama kumi, na hapo kosa dogo la kulenga unaliona mapema kabla halijawa kosa kubwa kule mbele. Tatu, na hapa sauti yake ilibadilika kidogo, SAR inakuambia ikiisha. Risasi ya kumi ikitoka, bolti inabaki nyuma, wazi, huwezi kujidanganya. SMG inakaa kimya, unavuta triga unasikia "tk!" ndipo unajua.

"Napenda kitu kinachonipa taarifa," akasema, na akamtazama mumewe. Sijui kama bado alikuwa anazungumzia bunduki.

Hakuificha kasoro yake. Risasi za SAR unazisukuma kwa dole gumba kutoka kwenye klipu, na asubuhi ya baridi vidole vimekufa ganzi, dole linateleza, unapoteza muda huku afande amesimama juu yako. Kwa wasichana wafupi nayo ni mzigo, mtutu unataka kugusa chini ukiitundika begani. Karibu kilo nne, kimbia nayo mchakamchaka uone! Rafiki yake wa kitanda cha jirani, mfupi kama yeye, aliichukia kabisa akawa mtu wa SMG. Walikosana siku mbili kwa ajili hiyo, wakapatana jikoni.

Meza ya jirani kulikuwa na mzee mmoja, koti zito la sufi, glasi ya ulanzi mbele yake. Alikuwa akitusikiliza muda mrefu, kama wazee wanavyosikiliza, bila kugeuza kichwa. Tulimsalimia "kamwene" kama tulivyofundishwa, akafurahi, akavuta kiti.

"Huyu mwanangu anasema kweli," akaanza, "lakini anasema kweli ya uwanjani." Yeye alipita JKT miaka ya sabini, ya zamani ile, na mwaka 1978 Idi Amin alipoivamia Kagera akawa mmoja wa waliokwenda. Kambini alikuwa mtu wa SAR, mlengaji mzuri kwa maelezo yake mwenyewe (na hatukuwa na shahidi wa kumpinga). Vitani akabadilika. Kupanda na kushuka kwenye lori mara kumi kwa siku, kupita kwenye migomba, kuingia kwenye nyumba yenye mlango mwembamba: ile ndefu inakwama kila mahali. "SAR ni bunduki ya mtu aliyepewa muda," akasema. "Kule hatukupewa muda."

Shemeji akaruka. "Si nilisema! SMG!"

Mzee akamgeukia, akamuuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, kile kijiti cha pembeni, ukikishusha mara moja kutoka usalama kinakwenda wapi?"

Shemeji akasema moja moja, halafu mfululizo. Ndivyo akili ya kawaida inavyotaka, siyo?

Shoga yangu akatikisa kichwa. Mfululizo ni katikati. Moja moja ni chini kabisa. Na wakufunzi wanakueleza sababu: mtu mwenye hofu hukisukuma kijiti mpaka mwisho, na afadhali mwisho wake uwe risasi moja kuliko thelathini hewani. Bunduki yenyewe imetengenezwa ikijua kwamba anayeishika ataogopa.

Shemeji alinyamaza. Alinyamaza kweli, ile ya kugeuza nyama iliyokwisha kuiva. Na mimi nikaona, kwa mara ya kwanza tangu tutoke Dar, kwamba alichokuwa nacho hakikuwa ubishi. Ilikuwa hofu ya usiku ule, mwanaume aliyelala kitandani akisikia watu sebuleni kwake na mkononi hana kitu. Gemu zote zile hazikumsaidia hata kusimama.

Naomba niseme na upande wa sheria kidogo, maana najua wapo wasomaji wenye mawazo kama ya shemeji. SMG ni silaha ya kivita, raia hapewi, futa kabisa. Hata wawindaji wa kitalii wanaokuja kwetu na dola zao hawaruhusiwi kuleta silaha za otomatiki wala nusu-otomatiki; wao huja na raifo za kukoki kwa mkono, ile 375 na wenzake, au shotigani kwa ndege. Kwa raia wa kawaida ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali hakipatikani kwa siku moja: utachunguzwa tabia, utatakiwa uonyeshe kwamba unajua kuitumia, na lazima uwe na mahali salama pa kuifungia. Kwa maneno mengine, zile bunduki mbili tulizobishania usiku kucha, hakuna hata moja ambayo shemeji angeweza kwenda kuinunua. Watu wanazipenda kama mtu anavyompenda mwalimu wake wa darasa la tatu. Alikufunza, mkaachana pale shuleni.

Usiku ule nyumba ya wageni ilikuwa na mablanketi matatu kila kitanda, na yote yalihitajika. Leteni soksi, wapendwa. Mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na mwezi wa sita na wa saba hautanii. Ila baridi hiyo ina faida zake kwa wawili, sitaki kueleza zaidi.

Kesho yake tulikwenda kuzunguka. Kambi yenyewe si kivutio cha watalii, msijipeleke getini na kamera. Ni eneo la jeshi, picha hapana. Lakini barabara za kuingia Sao Hill zinatosha kwa matembezi ya asubuhi nzima, ukimya ambao Dar haupo hata saa tisa usiku, na chini ya misonobari kuna uyoga baada ya mvua ambao akina mama huuza kwenye ndoo barabarani. Mkiwa na gari imara, shukeni upande wa mashamba ya chai ya Mufindi. Vilima vya kijani vimekatwa kama nywele za saluni, ukungu unaingia saa kumi alasiri kama mtu aliyealikwa. Wanaotaka picha za kabla ya harusi, mnajisumbua bure na fukwe za kila mtu!

Ni kwenye njia ya Sao Hill waliponyooshana. Mimi nilikuwa mbele kidogo, kwa adabu, ila msitu unabeba sauti. Shoga yangu alimwambia kitu ambacho, miaka yote ya urafiki wetu, mimi sikuwahi kukisikia. Siku ya shabaha, kijana wa mstari wa pili aligeuka na silaha mkononi kumuuliza afande swali. Akageuka nayo tu, mtutu ukapita mbele ya nyuso za wenzake, kidole kikiwa mahali pake. Hakuna kilichotokea. Afande alimrukia akamlaza chini, uwanja wote ukanyamaza, na yule kijana akajikojolea. Alikuwa kijana mzuri, mwenye akili, mwenye alama za juu. Hakuwa mlevi wala mwenye hasira. Aligeuka tu.

"Alikuwa uwanjani mchana, afande yupo hatua mbili," akasema. "Wewe utakuwa sebuleni usiku wa manane, giza, na mtoto ameamka kwenda chooni."

Shemeji hakujibu upesi. Walitembea. Halafu nikamsikia akiuliza, kwa sauti ambayo si ya kubishana tena: "Kwa hiyo mimi nikilala pale nikisikia mtu, nifanye nini?"

Hilo nalo ni swali, na shoga yangu hakulidharau. Walilizungumza mpaka tunarudi mjini. Mlango wa chumba cha kulala wa mbao ngumu, si ule wa plaiwudi uliopo sasa. Komeo la ndani. Nondo nene zaidi, taa ya nje inayowaka yenyewe, namba ya jirani na ya mlinzi shirikishi kwenye simu, na mtoto ahamishiwe chumba cha karibu. Mbwa wawili, hapo ndipo walipogombana tena, maana mmoja anataka na mwingine anaogopa manyoya. Habari ya bunduki waliiacha kwa masharti ya mke: aende kwanza akajifunze kwa mtu anayejua, alale chini kwenye baridi, asikie inavyopiga bega. Akirudi bado anaitaka, watakaa tena.

Kabla ya kuondoka tulipitia kwenye mbao. Mafinga bila kununua mbao ni kama Zanzibar bila karafuu. Muuzaji alisikiliza mahitaji ya shemeji, akampima kwa macho, akasema mbao ngumu ya mlango kwake hana, hapa ni paini tu. Ya paini atamtengenezea kabati zuri la nguo. Wakanunua mbao za kabati. Mlango wataagiza kwingine.

Kitonga tulishuka jioni, shoga yangu akiendesha, shemeji pembeni yake akiuliza maswali. Jinsi ya kushika. Bega likae wapi. Kwa nini mtu afumbe jicho moja. Alimjibu moja moja.